Wito na Waraka: Namna ya Kufuatilia Kasoro za Kiwandani za Gari Lako

Kiwanda cha magari kinapogundua kasoro ya hatari katika magari yaliyokwisha kuuzwa, huwaandikia barua wamiliki walioandikishwa. Gari ambalo leo limeegeshwa Tanga, Mombasa au Kampala huenda liliandikishwa kwa mara ya kwanza Nagoya au Osaka. Barua yake, kama iliandikwa, ilikwenda huko huko kwa mtu aliyekwisha kuliuza, na huenda haikuandikwa kabisa kwa sababu gari lilikuwa limeshafutwa katika daftari la Japani ili lisafirishwe nje. Mmiliki wa sasa analipa bima, anabadilisha oili kwa wakati, anakagua tairi kabla ya safari, na bado anaendesha gari ambalo mtengenezaji wake mwenyewe ameshakiri kwamba lina kasoro. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mmiliki huyo, kwa kuwa hatia si yake na dawa ipo, ila hakuna atakayemletea mlangoni.

Kabla ya yote ni lazima kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya, hata baadhi ya mafundi. Cha kwanza nitakiita wito, yaani tangazo rasmi la mtengenezaji kwamba magari ya aina fulani, yaliyotengenezwa kati ya tarehe fulani na fulani, yana kasoro inayohatarisha usalama au hayakidhi kiwango cha kisheria, na kwamba yarejeshwe kwa mawakala ili yarekebishwe kwa gharama ya kampuni. Cha pili nitakiita waraka wa ufundi. Huu ni maelezo ambayo mtengenezaji huwatumia mafundi wa mawakala wake kuhusu tatizo linalojulikana: dalili zake, chanzo chake, na namna sahihi ya kulitengeneza. Wito humhusu mwenye gari moja kwa moja, na matengenezo yake ni bure. Waraka humhusu fundi, na matengenezo yake ni bure tu endapo gari bado liko ndani ya dhamana. Dhamana ikiisha, gharama ni yako, na kinachobaki na thamani ni ule ujuzi uliomo ndani yake.

Marekani msingi wa miito uliwekwa na sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966, na msimamizi wake ni mamlaka ya usalama barabarani inayojulikana kwa herufi NHTSA. Mtengenezaji akishabaini kasoro ya usalama ana siku 5 za kazi kuijulisha mamlaka hiyo, na kwa kawaida siku 60 baada ya hapo kuwaandikia wamiliki. Matengenezo ya bure yamehakikishwa kisheria kwa miaka 15 tangu gari liliponunuliwa likiwa jipya. Japani, ambako ndiko yatokako magari mengi ya barabara zetu, kuna ngazi tatu, na ni vizuri kuyatambua majina yake kwa sababu utayakuta kwenye tovuti za huko. Rikooru ni wito kamili, gari lisipokidhi viwango vya usalama au mazingira. Kaizen taisaku ni hatua ya maboresho, ambapo kiwango cha sheria hakijavunjwa lakini hatari ipo na haifai kuachwa. Saabisu kyanpeen ni kampeni ya huduma, ambayo hushughulikia ubora wa gari zaidi kuliko usalama. Ukiona mojawapo ya hayo mawili ya kwanza dhidi ya namba ya gari lako, usiahirishe.

Mpaka kati ya wito na waraka huchorwa na binadamu, na binadamu hukosea. Mfano unaonifanya nisiudharau waraka wowote ni wa General Motors. Desemba 2005 kampuni hiyo iliwapelekea mawakala wake waraka kuhusu magari madogo kama Chevrolet Cobalt, ukieleza kwamba dereva angeweza kuizima injini bila kukusudia gari likiwa linatembea, hasa akiwa mfupi na mwenye mzigo mzito wa funguo. Ushauri uliotolewa ulikuwa kwamba mteja aondoe vitu visivyo vya lazima kwenye pete ya funguo. Kumbe swichi ya kuwashia ilikuwa laini mno na iliteleza kutoka mahali pake, na injini ikizimika hivyo usukani huwa mzito, nguvu ya breki hupungua, na mifuko ya hewa haifumuki ajali itokeapo. Baadaye kipuri kilibadilishwa kimyakimya bila kupewa namba mpya, jambo lililowapoteza njia waliokuwa wakichunguza. Wito ulitolewa mwaka 2014, ukafika magari milioni 2.6, na mfuko wa fidia uliokubaliwa na kampuni ulipokea madai ya vifo 124 kuwa ya haki. Kwa miaka takriban 8 kasoro hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ambayo dereva hakuwahi kuonyeshwa. Japani nako, mwaka 2000, Mitsubishi Motors ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja na kurekebisha kasoro bila kutangaza wito. Kwa hiyo unaposoma waraka unaotaja injini kuzimika, breki, usukani, moshi au harufu ya mafuta, uusome kama onyo la usalama hata kama haukuitwa hivyo.

Kasoro inayotuhusu kuliko zote

Kama una muda wa kufuatilia jambo moja tu, fuatilia eabegi za Takata, kampuni ya Japani iliyokuwa ikiwauzia watengenezaji wa magari vifaa hivyo. Eabegi, ule mfuko wa hewa uliofichwa kwenye usukani na kwenye dashibodi mbele ya abiria, hufumuka kwa gesi itokanayo na kemikali inayowashwa ndani ya kikopo cha chuma. Takata ilitumia amoniamu naitreti, ambayo hunyonya unyevu. Mahali penye joto na unyevu mwingi, kupanda na kushuka kwa joto kati ya mchana na usiku kwa miaka mingi huidhoofisha kemikali hiyo, hata siku ya ajali ikawaka kwa kasi iliyopita kiasi. Kikopo kikapasuka, na vipande vya chuma vikapenya kitambaa na kumchoma yule yule ambaye mfuko uliwekwa kumlinda. Honda ilitoa wito wa kwanza kwa sababu hiyo mwaka 2008. Tangu hapo wito umekua hadi kufikia eabegi zipatazo milioni 67 Marekani pekee na takriban milioni 100 duniani, za watengenezaji mbalimbali wakiwemo Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi na BMW. Marekani peke yake imethibitisha vifo 28. Takata yenyewe iliomba kinga ya kufilisika Juni 2017.

Angalia sasa jinsi Wamarekani walivyopanga foleni ya matengenezo: waliotangulizwa walikuwa wakazi wa Florida, wa pwani ya Ghuba ya Mexico, Hawaii na Puerto Rico, kwa sababu huko joto na unyevu ni vingi. Msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam, Unguja au Lamu hana haja ya kuelezwa joto na unyevu ni nini. Gari lililokaa miaka 8 Japani na miaka 10 kwenye pwani yetu liko katika mazingira yale yale yaliyowatia hofu wachunguzi. Mwaka 2016 NHTSA ilieleza kwamba baadhi ya eabegi za mwanzo kabisa, zilizofungwa kwenye magari ya Honda ya miaka 2001 hadi 2003 yaliyouzwa Marekani, zilipojaribiwa zilionyesha uwezekano wa kupasuka unaofikia asilimia 50.

Kasoro hii haiwashi taa. Ile taa ya eabegi kwenye dashibodi huangalia nyaya na kompyuta, haiwezi kujua hali ya kemikali iliyomo ndani ya kikopo. Fundi akichomeka mashine ya kusoma hitilafu na kukuambia kwamba hakuna tatizo, amesema kweli kuhusu nyaya tu. Njia pekee ya kujua ni namba ya chesisi.

Japani iliipa uzito wa kutosha kiasi kwamba kuanzia Mei 2018 magari yenye eabegi za hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa yalianza kunyimwa cheti cha ukaguzi wa lazima. New Zealand, ambayo kama sisi hununua magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, mwaka huo huo wa 2018 iliamuru kwa nguvu ya sheria kwamba eabegi za kundi la hatari zaidi zirejeshwe na kubadilishwa, yakiwemo yale magari yaliyoingia nchini kama mitumba. Naitaja New Zealand kwa makusudi, maana mara nyingi tunaambiwa kwamba gari la mtumba halina mwenyewe, na nchi hiyo imeonyesha kwamba linaweza kuwa naye.

Namba ya chesisi ndiyo ufunguo

Wito hutolewa kwa chesisi. Haijalishi gari limepita mikononi mwa watu wangapi, limepakwa rangi gani, au limebadilishiwa injini mara ngapi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika namba ya chesisi kwa usahihi. Utaipata kwenye kadi ya gari au logibuku, lakini usitosheke na karatasi. Fungua boneti uisome pia kwenye kibati au pale ilipogongwa kwenye chuma, kisha linganisha herufi kwa herufi. Sifuri na herufi O hufanana, 8 na B hufanana, na nimekwisha kuona kadi ambayo mwandishi alikosea tarakimu moja na kumfanya mwenye gari afuatilie gari la mtu mwingine.

Hapa kuna kizingiti kinachowakwamisha wengi. Magari yaliyouzwa Marekani, Ulaya au Ghuba ya Uajemi yana namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya namna hiyo. Namba yake huanza na herufi na tarakimu zinazotaja aina ya gari, kama NZE141 kwa baadhi ya Corolla, SH5 kwa Forester, au GE6 kwa Fit, kisha kuna kistari, kisha namba ya mfululizo. Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya NHTSA au ya tawi la Marekani la kampuni husika, itakataliwa au utaambiwa haikupatikana, na watu wengi hufunga simu zao wakidhani wameambiwa gari ni salama. Kutopatikana maana yake ni kwamba umeuliza mahali pasipokuhusu.

Kwa gari la Japani, nenda kwenye tovuti ya kampuni hiyo ya Japani kwenyewe. Toyota, Honda, Nissan, Subaru, Mazda, Suzuki na Mitsubishi zote zina ukurasa wa kutafuta miito kwa namba ya chesisi. Ukurasa huwa kwa Kijapani, lakini programu ya tafsiri iliyomo kwenye simu inatosha kabisa kukuongoza. Mara nyingi kuna visanduku viwili: kimoja cha sehemu iliyo kabla ya kistari, kingine cha sehemu iliyo baada yake. Jibu likija, piga picha ya skrini nzima ikiwa na tarehe, kwa Kijapani chake, kabla ya kuitafsiri, kwani picha hiyo ndiyo utakayompelekea wakala na tafsiri ya simu hukosea majina ya vipuri.

Gari lililotoka Uingereza ni rahisi zaidi, kwa sababu serikali ya huko ina ukurasa wa kukagua miito kwa namba ya usajili. Muombe aliyekuuzia namba ya zamani ya Uingereza kama huna. Gari lililonunuliwa jipya kwa wakala wa hapa nchini, kama zile pikapu zinazotoka Thailand au Afrika Kusini, wakala mwenyewe ana kumbukumbu zake, na simu moja yenye namba ya chesisi inatosha. Wasomaji walio Oman na Ghuba wafuatilie matangazo ya mamlaka za kumlinda mlaji za huko, na walio Marekani watumie tovuti ya NHTSA kwa namba ya tarakimu 17. Wao wakumbuke kwamba tovuti hiyo huonyesha miito ambayo haijafanyiwa kazi tu, kwamba haikusudiwi kuonyesha miito iliyopita miaka 15, na kwamba wito uliotangazwa wiki hii unaweza kuchelewa kuingia. NHTSA yenyewe hushauri kukagua angalau mara mbili kwa mwaka, na ushauri huo unafaa kila mahali.

Wakati mzuri kuliko wote wa kukagua ni kabla ya kununua. Muuzaji wa Japani akishakupa namba ya chesisi, ikague kabla hujalipa, na kama kuna wito ambao haujafanyiwa kazi mwandikie akalifikishe gari kwa wakala wa kampuni huko huko lirekebishwe bure kabla ya kupakiwa melini, kisha akutumie ushahidi. Kwake ni usumbufu wa siku chache. Kwako, gari likishateremka bandarini, jambo hilo hilo laweza kuwa safari ya miezi. Vyeti vya ukaguzi vinavyoambatana na gari huonyesha hali yake siku lilipokaguliwa, kwa hiyo usivichukue kuwa ushahidi kwamba miito yake imemalizwa. Wanunuzi wa Kenya walifikirie hili kwa makini: kwa kuwa nchi hiyo haipokei gari lililozidi umri wa miaka 8, wengi hudhani gari changa haliwezi kuwa na tatizo la kiwandani, ilhali miito mingi hutangazwa gari likiwa na umri wa miaka 5, 8, hata 12.

Umekuta wito: ufanye nini

Kwanza pima uzito wake. Eabegi, breki, usukani, mafuta kuvuja na kitu chochote kinachoweza kuwaka moto ni mambo ya wiki hii. Kama eabegi iliyotajwa ni ya upande wa abiria, usimkalishe mtu mbele mpaka ibadilishwe. Kama ni ya dereva na wito unasema gari lisiendeshwe, liache nyumbani. Najua ni gumu kwa mtu ambaye gari ndilo riziki yake, hasa madereva wa teksi za mtandaoni, na bado siwezi kuandika vinginevyo.

Pili, mpigie wakala rasmi wa kampuni hiyo nchini ukiwa na namba ya chesisi na namba ya wito. Muulize kama karakana yake inaruhusiwa kushughulikia wito huo, kama vipuri vipo au vitaagizwa, na ni nani atakayelipa. Nisikufiche: sheria ya Japani hulazimisha matengenezo ndani ya Japani, na wakala wa hapa ambaye hakukuuzia gari anaweza kusema kwamba halimhusu. Wengine hukubali, hasa kwa eabegi, kwa sababu mtengenezaji anapenda jina lake lisichafuke. Wengine hudai malipo ya kazi na kutoa kipuri bure. Wengine hukataa kabisa. Vyovyote itakavyokuwa, omba jibu kwa maandishi. Ukikataliwa kuhusu kasoro ya usalama, lipeleke jibu hilo kwa Tume ya Ushindani ukiwa Tanzania, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003 na yenye jukumu la kumlinda mlaji, au kwa Mamlaka ya Ushindani ukiwa Kenya. Malalamiko ya mtu mmoja yaweza kukaa mezani. Ya watu 40 wenye gari la aina moja, kila mmoja na picha ya skrini ya kampuni yenyewe ikikiri kasoro, hayakai.

Tatu, tambua kwamba si kila wito unahitaji wakala. Mwaka 2019 Subaru iliita takriban magari milioni 2.2 duniani, yakiwemo Forester na Impreza, kwa sababu swichi ya taa za breki ilikuwa ikiharibiwa na mvuke wa silikoni unaotokana na bidhaa za kusafishia na kung'arisha gari. Dalili zake ni taa za breki kutowaka, na kwa gari la kuwasha kwa kitufe, injini kukataa kuwaka. Mtu asiyeijua habari hiyo atabadilisha balbu, kisha fyuzi, kisha atakata nyaya. Anayeijua atabadilisha swichi, kazi ndogo ambayo fundi wa kawaida anaweza kuifanya. Vivyo hivyo Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.4 duniani, Vitz ikiwa miongoni mwa yaliyotajwa Japani, kwa sababu swichi kuu ya madirisha kwenye mlango wa dereva haikupakwa grisi sawasawa na ingeweza kupata moto na kutoa moshi. Kampuni ilionya wamiliki wasijinyunyizie mafuta ya kulainisha ndani ya swichi hiyo. Ni onyo la kuzingatia, maana kunyunyizia mafuta kwenye swichi iliyokwama ndiyo tiba ya kwanza katika gereji nyingi.

Eabegi ni kinyume kabisa. Usikubali ifunguliwe na fundi asiyefunzwa kazi hiyo, usinunue eabegi iliyong'olewa kwenye gari lililopata ajali, kwa sababu huenda ni Takata ile ile, na usikubali kifaa cha kuidanganya kompyuta ili taa ya dashibodi izime.

Kuusoma waraka wa ufundi

Sasa nirudi kwenye waraka, ambao hauokoi maisha mara nyingi kama wito, lakini huokoa fedha nyingi. Shemeji yangu alikuwa na gari ambalo giaboksi yake ilikuwa ikitetemeka kila linapoondoka taratibu kwenye foleni. Gereji moja ilimwambia giaboksi imekufa na kumtajia bei inayokaribia nusu ya thamani ya gari. Tulipotafuta, tukakuta mtengenezaji alikwisha kutoa waraka kuhusu mtetemo ule ule kwa chesisi za miaka ile ile, ukielekeza kwanza kubadilisha oili ya giaboksi kwa aina maalumu na kuingiza programu mpya kwenye kompyuta yake, na kuifungua giaboksi pale tu mtetemo ukiendelea. Haukuendelea. Ile gereji haikuwa na nia mbaya. Ni kwamba haikuwa imeusoma waraka.

Nyaraka hizi zinapatikana bure kuliko watu wanavyodhani. Watengenezaji wanaouza magari Marekani wanapaswa kuziwasilisha NHTSA, na utazikuta kwenye tovuti yake ukitafuta kwa jina la gari na mwaka, chini ya mawasiliano ya watengenezaji. Kwa magari yanayouzwa Japani na Marekani pia, kama Corolla, RAV4, CR-V na Forester, hiyo ni hazina. Kwa yale yasiyouzwa Marekani, kama Probox au Noah, itabidi utafute kwa injini badala ya jina. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye Vitz na Probox nyingi ndiyo iliyofungwa kwenye Toyota Echo na Yaris za Marekani. Msimbo wa injini umeandikwa kwenye kibati kilicho chini ya boneti. Lakini giaboksi na nyaya zaweza kutofautiana kati ya soko na soko, kwa hiyo kinachohusu ndani ya injini kinakufaa zaidi kuliko kinachohusu umeme.

Waraka huwa na mpangilio unaofanana. Juu kuna namba na tarehe. Angalia kama umefutwa na waraka mwingine wa baadaye, kwani hilo hutokea mara nyingi na maelekezo ya zamani yaweza kuwa yameonekana kutofaa. Kisha hutajwa magari yanayohusika, pengine kwa mfululizo wa chesisi au tarehe ya kutengenezwa. Kisha huja dalili. Hapa soma kwa uaminifu: kama waraka unasema mlio unasikika injini ikiwa baridi, na wako unasikika injini ikiwa moto, waraka huo si wa gari lako hata ukitamani uwe wake. Halafu hufuata vipimo vya kuthibitisha, vipuri vyenye namba ya zamani na namba mpya, hatua za kazi, na muda ambao mtengenezaji anaukadiria kwa kazi hiyo. Muda huo ni silaha ya haki katika mazungumzo ya bei, mradi ukumbuke kwamba umekadiriwa kwa karakana yenye zana zote.

Mfano mzuri ni wa injini ya 2AZ-FE ya Toyota, lita 2.4, iliyomo kwenye Camry na RAV4, na hapa kwetu pia kwenye Harrier, Alphard na Estima. Mwaka 2011 Toyota Marekani ilitoa waraka kuhusu injini hizo kula oili. Ulieleza kipimo: injini ijazwe oili, ifungwe alama, gari litembee maili 1,200, yaani kama kilomita 1,930, ikipungua zaidi ya kwati moja, karibu lita moja, pistoni na ringi zibadilishwe kwa zilizoboreshwa. Baadaye kampuni iliongeza muda wa kugharamia kazi hiyo hadi miaka 10 au maili 150,000 kwa magari yaliyohusika. Hakukuwa na wito, kwa kuwa kula oili hakukuhesabiwa kuwa hatari ya usalama, na muda ule wa kugharamiwa umekwisha. Lakini mwenye Alphard anayeujua waraka huo hupima kijiti cha oili kila wiki badala ya kungoja taa ya oili, ambayo huwaka wakati madhara yamekwisha kuanza; hufanya kipimo cha kilomita 1,930 kabla ya kukubali kuuziwa injini nyingine ya mtumba yenye kasoro ile ile; na akiamua kutengeneza, huagiza pistoni kwa namba mpya, si ya zamani.

Ukimpelekea fundi waraka, mpe kwa heshima. Fundi aliyekaa miaka 20 kwenye kazi hapendi kufundishwa na karatasi ya mteja, na ana haki. Mwambie, "Fundi, nimekuta mtengenezaji ameandika hivi kuhusu gari hili, naomba utazame kabla hatujafungua," kisha mwache asome. Wengi hufurahi, na watautumia kwa gari linalofuata.

Kama gari lako lina kasoro ya hatari ambayo huikuti kwenye wito wala waraka wowote, iandikie kampuni na mamlaka nilizozitaja, ukieleza namba ya chesisi, kilomita, mwendo, hali ya hewa na kilichotokea, bila kukisia chanzo. Miito mingi huanza kwa malalamiko ya wenye magari.

Mwishowe, weka bahasha ndani ya gari. Ndani yake tia picha ya namba ya chesisi kama ilivyo kwenye chuma, majibu ya kila ukaguzi ulioufanya yakiwa na tarehe, barua za wakala, risiti za vipuri vilivyobadilishwa kwa ajili ya wito pamoja na namba zake, na nakala za nyaraka zilizokufaa. Siku ukiliuza gari, mkabidhi mnunuzi bahasha hiyo pamoja na funguo, kwa sababu barua ya kiwanda haitamfikia yeye pia.